Kipimo cha Boriti: Historia ya Nyumba ya Mawe katika Pwani ya Waswahili

Mtu aliyejenga nyumba katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, kabla ya meli za moshi kuanza kuleta chuma na saruji kutoka Ulaya, hakuwa na budi kujenga kwa vitu ambavyo bahari, ufuo na shamba vilikubali kumpa: matumbawe ya mwambani, boriti za mikoko, udongo mwekundu, chokaa ya kuchomwa, kamba za makumbi na makuti ya mnazi. Kwa vitu hivyo vichache watu wa pwani walijenga misikiti, majumba na miji ambayo masalia yake yametapakaa kutoka Somalia mpaka kaskazini ya Msumbiji, na ambayo baadhi yake, kama Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, yangali yakikaliwa hata leo. Wengi walioandika habari zake wamesifu nakshi za milango na weupe wa kuta, na sifa hiyo ni haki yake. Walakini nia ya makala haya ni kueleza jambo jingine, ambalo halionekani upesi kwa macho, nalo ni kwamba ubaridi na umri mrefu wa nyumba ile ulitokana na utii. Fundi alikubali kupimiwa chumba na mti, kupimiwa ukuta na jiwe, na kupimiwa muda wa kazi na moto wa tanuu. Historia ya nyumba ya pwani ni historia ya vipimo hivyo: jinsi vilivyopatikana, jinsi vilivyoheshimiwa, na jinsi vilivyoachwa.

Kabla ya nyumba ya mawe palikuwa na nyumba ya miti na udongo, na mtu asidhani kwamba hii ya pili ilifutwa na ile ya kwanza, kwani katika kila zama walioishi ndani ya udongo na makuti walikuwa wengi kuliko walioishi ndani ya mawe. Nguzo huchimbiwa ardhini, fito zikafungwa juu yake kwa kamba upande wa ndani na upande wa nje, na nafasi iliyo katikati ikajazwa udongo uliokandwa kwa maji hata ukashikana. Kisha ukuta hukandikwa, ukaachwa ukauke, nyufa zikazibwa, na mwenye uwezo akamalizia kwa chokaa. Paa lake lina ufundi wa peke yake. Kuti la viungo hufanywa kwa kuyatoa majani ya mnazi katika bua lake, kuyakunja moja moja juu ya upapi, na kuyashona yasikae mbalimbali. Na makuti hayo hupangwa juu ya fito, kila safu ikilala juu ya mwenziwe kwa karibu sana, hata mvua ya masika ikateleza juu yake isipate pa kupenyea. Paa hilo hufanywa refu na la mteremko mkali, nalo hushuka chini hata kuupa ukuta kivuli mchana kutwa, na baina ya ukuta na paa huachwa nafasi ambayo kwayo joto na moshi wa ndani hutoka bila ya kutolewa. Hakuna sehemu ya nyumba hiyo isiyoweza kutengenezwa na mwenyewe pamoja na jirani zake, na siku ya kufa kwake hurudi udongoni bila ya kuacha taka.

Jinsi nyumba ya mawe ilivyozaliwa kutokana na nyumba hiyo, hatuelezwi na hadithi tu bali na ardhi yenyewe. Katika miaka ya 1980 wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mark Horton, walifukua mji wa Shanga katika kisiwa cha Pate, mji ulioanza katika karne ya 8 na kuhamwa katika karne ya 15. Chini ya magofu ya msikiti wake wa Ijumaa walikuta athari za misikiti mingine iliyotangulia, kila mmoja juu ya ule wa kabla yake, na ile ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya nguzo za miti na udongo. Baadaye, katika mahali pale pale, mti ukaliachia nafasi jiwe. Jiwe la kwanza lililotumiwa lilikuwa ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, ambalo ni laini kiasi cha kukatwa kwa tezo na kuchongwa pembe zake zikawa sawasawa, na ambalo likianikwa juani hukauka na kuwa gumu. Na mawe hayo yalishikanishwa kwa udongo, kama kwamba waashi walikuwa wangali wakifikiri kwa fikira za nyumba ya miti hali wameshika jiwe mkononi. Karne zilipopita, tumbawe bichi likawekewa kazi za heshima, kama mihirabu, vizingiti na miimo ya milango, na kuta zikajengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, yaliyo magumu na yasiyo na umbo, ambayo hayawezi kusimama bila ya kiungo madhubuti. Kiungo hicho kilikuwa ni chokaa.

Kuchoma chokaa ni kazi inayofaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu nguvu yote ya ukuta imetokana nayo. Magogo hupangwa chini katika duara, safu juu ya safu, ncha zake zikielekea katikati, na katikati huachwa tundu linalosimama kama kisima, likajazwa kuni nyembamba na makumbi makavu. Juu ya magogo hayo hurundikwa vipande vya matumbawe hata pakawa na kichuguu kikubwa, kisha moto hutiwa kwa kupitia lile tundu, ukashuka na kuenea kutoka ndani kwenda nje, ukawaka usiku kucha na zaidi. Mafundi hupenda usiku wenye upepo wa kiasi, maana upepo mkali hula upande mmoja wa tanuu na kuuacha wa pili ukiwa mbichi. Moto ukiisha kuteketeza magogo, tanuu huanguka juu ya majivu yake, na mawe yaliyokuwa mazito huwa mepesi, meupe na yenye kiu. Yakitiwa maji hupasuka kwa sauti, hutoa mvuke na kuwa unga. Unga huo haukutumiwa papo hapo na fundi mwenye subira, bali uliachwa ukomae kwa miezi, kwani chokaa changa ikipakwa ukutani huendelea kufumuka na kuharibu lipu. Chokaa iliyokomaa ilichanganywa na mchanga au udongo mwekundu kwa kujengea, na ile iliyo safi kuliko zote ikawekwa kwa ajili ya lipu ya ndani na ya nakshi.

Ndani ya kazi hiyo mna jambo ambalo mafundi wa zamani hawakulijua kwa elimu ya kemia, ingawa waliziona athari zake. Tumbawe likichomwa hutoa hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu lilipokuwa hai baharini. Na chokaa ikiisha kupakwa, huanza kuivuta hewa hiyo hiyo kutoka angani, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata ikarudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa. Kwa hiyo ukuta wa chokaa huzidi kuwa mgumu kwa kadiri unavyozeeka, na ukipata ufa mwembamba, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuipeleka ufani, ikaganda na kuuziba. Fauka ya hayo, ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini huweza kutoka tena kupitia lipu yake, na katika kutoka huko hupoza chumba.

Lakini ukuta si nyumba mpaka upate dari, na hapa ndipo boriti ilipotoa amri. Dari la nyumba ya mawe lilifanywa kwa kulaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, karibu karibu, juu yake yakapangwa mabamba ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa vikamwagwa na kupigwa kwa vibao siku nyingi, wapigaji wakifuata mwendo wa wimbo, hata sakafu ikashikana isipitishe maji. Sakafu hiyo ni nzito mno, na mti wa mkoko, ujapokuwa mgumu na wenye kuwashinda mchwa, hauwezi kuubeba uzito huo ukivuka nafasi ya kama mita 2.5 hadi 3. Kwa hiyo kila chumba katika majumba ya pwani, kiwe cha tajiri au cha mtu wa kadiri, kilikuwa chembamba kwa upana huo, na aliyetaka ukubwa alirefusha chumba, au alikiongezea chumba cha pili sambamba na cha kwanza. Tajiri aliweza kununua vyombo vya kauri kutoka China na nguo kutoka India. Hakuweza kununua boriti iliyo ndefu kuliko boriti.

Kipimo hicho hakikukaa Afrika peke yake. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, alitaja kwamba majumba ya Siraf, bandari iliyokuwa tajiri kuliko nyingi katika Ghuba ya Uajemi, yalijengwa kwa msaji na miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Na biashara hiyo ikaendelea kwa karne nyingi, majahazi yakija na kaskazi kwa tende na chumvi na kurudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na za Rufiji. Baharia Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, aliyesafiri ndani ya chombo cha Kuwait katika miaka ya 1938 na 1939, alishuhudia mabaharia wakizikata na kuzipakia boriti katika delta ya Rufiji, kazi ya matope, mbu na homa. Miti hiyo ilikwenda kuezeka nyumba za Kuwait na Bahrain, ambako hakuna msitu, na ambako vyumba vya zamani navyo vilikuwa vyembamba kwa sababu ile ile. Watu waliokaa mbali kwa safari ya bahari ya wiki nyingi, wasiokula chakula kimoja wala kusema lugha moja, walilala katika vyumba vilivyokatwa kwa kipimo cha mti mmoja.

Wako waliojaribu kukivuka kipimo hicho, na mkubwa wao ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipita mikononi mwa mji wake. Ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, kasri iliyowekwa juu ya jabali linaloelekea bahari, yenye behewa, ngazi na birika la kuogea lenye pembe nane. Nayo, kwa ushahidi wa masalia yaliyochunguzwa na Neville Chittick, inaonekana haikupata kumalizika. Katika zama hizo hizo Msikiti Mkuu wa Kilwa, ulioanza karne ya 11 ukiwa mdogo, ulipanuliwa mara nyingi ya ukubwa wake. Upanuzi huo haukudumu. Sehemu hiyo iliporomoka, na katika karne ya 15 ikajengwa upya kwa nguzo nene na kwa kuba za matumbawe na chokaa, ambazo hazihitaji boriti hata moja. Mafunzo yake yalikuwa bayana: anayetaka nafasi kubwa kuliko mti, na aache mti, atafute umbo ambalo jiwe lenyewe huweza kulibeba. Na ili mtu asiudhani mji mzima kuwa ni wa kuba na makasri, na akumbuke kwamba Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu kwa uzuri wake na hapo hapo akaandika kwamba nyumba zake ni za miti.

Wageni wenye mizinga nao hawakusamehewa sheria ya mahali. Wareno, baada ya kuishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, walikaa karibu karne nzima kabla ya kuanza Ngome ya Yesu, mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Na ijapokuwa ramani ilikuwa ya Ulaya, kuta zake ziliinuliwa kwa matumbawe ya Mombasa juu ya jabali la matumbawe.

Ukamilifu wa nyumba ya boriti ulipatikana Lamu, katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, na anayeingia katika nyumba ya kiungwana ya mtaa wa Mkomani huweza kuisoma chumba kwa chumba. Njia ya nje ni nyembamba, hata watu wawili na punda hupishana kwa taabu, na wembamba huo ndio unaolizuia jua lisifike chini ila katika saa chache za adhuhuri. Mbele ya mlango pana daka lenye viti vya mawe, ambapo mgeni asiye wa nyumbani hupokewa. Mlango ukifunguliwa, mgeni haoni ndani, maana njia hupinda, kisha humtoa katika kiwanda, yaani ua usio na paa ambao ndio pafu la nyumba nzima. Humo huingia mwanga na upepo, na humo joto la vyumba hupanda kwenda angani. Kutoka kiwandani huingiwa msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, kisha msana wa yuu, yaani ukumbi wa juu, kila mmoja umeinuliwa kidogo kuliko uliotangulia, na nyuma yake iko ndani, chumba cha mwenye nyumba mwanamke, chenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa katika lipu safu juu ya safu, ambamo huwekwa vyombo vya kauri. Vyumba vyote ni vyembamba kwa kipimo cha boriti, ila dari zake ni za juu, na hewa ya moto hukaa huko juu ya vichwa vya watu. Kuta huwa na unene wa karibu nusu mita au zaidi, hivi kwamba joto la mchana huanza kuzipenya hata jua likachwa, na usiku ukawa umekwisha kulishinda.

Mambo mawili ya nyumba hiyo yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa yanaonyesha akili iliyofikiri mpaka mwisho. La kwanza ni birika la choo, ambalo maji yake yalihifadhiwa kwa kutawadhia na kuogea, na ambalo lingekuwa kitalu cha mbu kama lisingewekewa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Na katika baadhi ya nyumba bakuli la kauri limepachikwa chini ya birika, ili maji yakichotwa yakaisha, samaki wawe na pa kukimbilia mpaka lijazwe tena. La pili ni kidari cha meko, jiko lililowekwa juu kabisa ya nyumba chini ya paa la makuti, ili moto wa kupikia, ambao katika nchi ya joto ni adui wa pili baada ya jua, utoe moshi na joto lake mahali ambapo hapana wa kumdhuru. Nyumba ya namna hii haikujengwa kwa mara moja. Baba alijenga ghorofa ya chini, akaacha kuta zikiwa na nguvu ya kubeba ya pili, na binti alipoolewa akaongezewa ghorofa juu, au nyumba mbili zikaunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka njia juu ya vichwa vya wapitao.

Haki haitatimia ikiwa tutasifu bila ya kutaja gharama. Nyumba ya mawe ilikuwa fakhari ya waungwana, na jiwe lenyewe lilikuwa ni dalili ya ungwana. Aliyeishi katika udongo na makuti hakuhesabiwa kuwa sawa na aliyeishi katika chokaa. Mawe yale yalibebwa, magogo yale yalikatwa, na sakafu zile zilipigwa kwa mikono ya watumwa kwa sehemu kubwa, na nyimbo za wapigaji zisitufanye tusahau kwamba wengi wao hawakuwa na khiyari ya kunyamaza. Tanuu moja la chokaa lilikula magogo mengi, na kila tumbawe bichi lililokatwa lilitoka katika mwamba ambao ni nyumba ya samaki. Kazi hizo ziliwezekana kwa sababu miji ilikuwa midogo na wajenzi wa mawe walikuwa wachache. Na kadiri hiyo ya uchache ni sehemu ya historia kama vile nakshi zilivyo.

Zama mpya zilianzia Unguja. Sayyid Said alipoufanya mji huo kuwa makao ya dola yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, majumba ya mawe yaliongezeka upesi, yakachanganya ufundi wa Oman, wa India na wa Waswahili. Lakini kwa muda mrefu mchanganyiko huo ulikuwa wa sura tu, kwani ndani yake boriti iliendelea kutawala. Aliyeupindua utawala wa boriti ni Sayyid Barghash, alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba lililokuwa na nguzo za chuma kilichosubiwa, mihimili ya chuma, vibaraza vipana vilivyozunguka pande zote, na baadaye taa za umeme. Kwa mara ya kwanza kumbi zilikuwa na upana ambao mkoko haukuwahi kuufikia. Chuma, hata hivyo, kina maradhi yake katika hewa ya chumvi: hushika kutu, na kutu hufura, na kufura kwake hupasua jiwe na chokaa vilivyokizunguka. Jumba hilo lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, ijapokuwa liliharibiwa. Bali tarehe 25 Desemba 2020, hali likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka. Si lazima kukitwisha chuma lawama yote ya msiba huo ili kukiri jambo moja lililo dhahiri: nyumba iliyozidi kipimo cha mahali huhitaji uangalizi usiokatika, na uangalizi ni kitu ambacho dola husahau upesi kuliko jirani.

Pamoja na chuma cha majumba kikaja chuma cha maskini, yaani bati. Bati halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache kama makuti, haliogopi cheche ya moto, na maji ya mvua yanayoteremka juu yake huweza kukingwa. Sababu hizo si ndogo, na anayemcheka mtu kwa kuezeka bati hajawahi kuamka usiku kuhamisha kitanda kwa sababu ya kuvuja. Lakini bati halina unene wa kulizuia jua, na nyumba iliyokuwa na ubaridi chini ya makuti iligeuka kuwa ya moto saa saba mchana. Kisha ikaja saruji, ambayo Joseph Aspdin alipewa hati ya uvumbuzi wake huko Uingereza mwaka 1824, ikafika pwani ndani ya mapipa, na hatimaye ikaanza kufanywa hapa hapa. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Na ajabu ya Bamburi ni kwamba malighafi yake ilikuwa ni yale yale matumbawe ya kale ambayo waashi wa Lamu waliyachoma kwa magogo. Tofauti ilikuwa katika moto. Chokaa hutosheka na joto la nyuzi 900 hivi, ilhali saruji hutaka kama 1,450, na ikiisha kuganda haivuti tena kutoka angani ila sehemu tu ya hewa iliyoitoa. Hata leo saruji ya dunia nzima inahesabiwa kutoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa itokanayo na kazi za binadamu. Mashimo ya machimbo ya Bamburi yalibaki kama jangwa jeupe hadi René Haller alipoanza, mwaka 1971, kuyapanda mivinje na kuyarudishia uhai.

Saruji haikushinda kwa nguvu zake tu. Ilishinda pia kwa heshima. Mwalimu Nyerere, alipotazama nyuma miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, alilalamika kwamba watu walikataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, vitu walivyoweza kujifanyia wenyewe, wakakaa kusubiri mabati na saruji, ambayo waliiita udongo wa Ulaya. Malalamiko hayo hayakubadili mengi. Ubaya mwingine ulionekana pole pole katika miji ya kale yenyewe, ambako kuta za chokaa zilitengenezwa kwa lipu ya saruji kwa nia njema: saruji, kwa kuwa haipitishi unyevu, iliufungia ndani ya ukuta, chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu, chokaa ya ndani ikawa unga, na boriti zikaoza katika ncha zake mahali zilipoingia ukutani. Kuta zilizostahimili mvua za karne mbili zikaanza kudhoofika kwa sababu ya dawa.

Ndipo kukaanza juhudi za kuhifadhi. Unguja iliunda mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe mwaka 1985, mji wa kale wa Lamu ukatangazwa kuwa hifadhi na serikali ya Kenya mwaka 1986, na yote miwili ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Waashi wakarudi kwenye chokaa, vijana wakafundishwa kuikomaza, na ikathibitika kwamba ufundi ulikuwa haujafa bali ulikuwa umekosa wa kuuajiri.

Lakini hapa historia inatufikisha mahali ambapo mwenye kuipenda nyumba ya kale hana budi kufikiri kwa uangalifu. Mikoko si mingi tena kiasi cha kila mtu kukata. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, na sasa tunajua kwamba misitu hiyo huzuia mmomonyoko, hulea kamba na samaki, na hufungia katika matope yake hewa ukaa nyingi kwa eneo kuliko misitu mingi ya nchi kavu. Mwamba wa matumbawe nao umedhoofishwa na joto la bahari, na kukata tumbawe bichi leo ni kumnyang'anya mvuvi chakula chake. Kama kila familia ya Mombasa au ya Dar es Salaam ingetaka dari la boriti na ukuta wa matumbawe, pwani isingebaki na mkoko wala mwamba. Anayeinakili nyumba ya Lamu kwa umbo lake atakuwa amewaasi walioijenga, kwa sababu wao walitumia kilichokuwa kingi karibu nao, na yeye atakuwa akitumia kilicho haba.

Kilicho kingi leo ni udongo. Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa ujenzi mwaka 1971, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa wakala wa utafiti wa nyumba bora, na kwa miaka mingi kimefundisha kufyatua matofali ya kufungamana, ya udongo uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono bila ya kuchomwa. Tofali hilo halili kuni, halihitaji kiungo kingi, na ukuta wake ni mnene kiasi cha kulichelewesha joto. Likiwekewa paa la juu lenye kutokeza na kuukinga ukuta, madirisha yanayokabiliana yapokee kusi na kaskazi, ua wa kivuli, na jiko lililotengwa na vyumba vya kulala, nyumba hiyo itakuwa imerithi karibu kila hikima ya kiwanda, ya msana na ya kidari cha meko, bila ya kukata boriti hata moja. Waashi wa kale walimwachia mkoko uamue upana wa chumba kwa kuwa mkoko ndio uliokuwepo. Na katika zama hizi, mwenye kufuata mwendo wao sawasawa ni yule anayeuacha mkoko usimame majini, akauliza udongo wa kiwanja chake unaweza kubeba nini.